Shajara ya mradi: jaketi, mtungi na kilo 3 zilizonipandisha juu

Wiki ya 1

Nimefungua shajara hii kwa sababu ya dakika mbili za mwisho za mbizi ya Jumamosi. Tulikuwa tumemaliza kuzunguka chini, tumepanda taratibu hadi mita 5, tukasimama kusubiri zile dakika 3 za usalama. Geji yangu ya shinikizo la mtungi ilisoma bari 60. Dakika ya kwanza nilitulia vizuri. Ya pili nikaanza kuhisi kama kuna mtu amenishika mabegani ananivuta juu. Nikatoa hewa yote iliyokuwa kwenye jaketi, lile tunalolijaza na kulipunguza hewa ili tuelee au tuzame. Nikapumua nje mpaka kifua kikanywea. Nikageuza kichwa chini nikapiga mapezi kurudi, lakini kila nilipopumzika nilipanda tena. Mwenzangu akanishika mkanda, tukawa tunapanda wawili. Tulitokea juu ya maji muda haujaisha.

Hatukudhurika, na mbizi yenyewe haikuwa ya kina kirefu. Ila nimezamia mara 34 hadi sasa, na iliniogofya kuona nimebonyeza kila nilichofundishwa kubonyeza na bado ninaendelea kupanda.

Usiku ule lawama zote nililitupia jaketi. Lilikuwa la kukodi, mabega yake mapana, na nilikuwa na hakika kwamba kuna hewa iliyojificha kwenye kona fulani ikakataa kutoka. Nikaamua kununua langu. Kesho yake nikampigia mwalimu aliyenifundisha kuzamia, nikamweleza yote, nikamwomba anisaidie kuchagua. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Mtungi uliokuwa nao siku hiyo ulikuwa wa chuma au wa alumini?"

Sikujua.

"Basi kalijue kwanza hilo," akasema, "halafu tuzungumze jaketi."

Wiki ya 2

Jibu nimelipata. Mbizi zangu nane zilizotangulia zote nilibeba mtungi wa chuma wa lita 12. Jumamosi nilipewa wa alumini wa lita 11.1, ule ambao wazamiaji wengi duniani hujifunzia. Huitwa "themanini" kwa kuwa Wamarekani huuhesabu kwa futi za ujazo, ingawa ukijazwa kwa kipimo chake cha bari 207 unabeba futi 77 na kidogo. Risasi kiunoni, yaani vile vipande vizito vya kumzamisha mtu, niliweka zilezile kilo 5 za siku zote. Hakuna aliyeniambia nibadili, nami sikuuliza.

Leo nimeazima mitungi yote miwili na mizani ya kuning'iniza, nikaipima ndani ya maji ya chumvi. Wa chuma ni kazi rahisi: unaufunga kamba, unauzamisha, unasoma mizani. Wa alumini ukiwa umepungua hewa unaelea, kwa hiyo niliufungia risasi ambayo uzito wake ndani ya maji nilikuwa nimeupima kwanza, kisha nikatoa. Haya ndiyo niliyoyasoma, mitungi ikiwa na vali zake.

Alumini: umejaa bari 200, unazama kwa kilo 0.7. Ukibaki na bari 50, unaelea kwa kilo 1.3. Mtupu, unaelea kwa kilo 2.

Chuma: umejaa bari 220, unazama kwa kilo 4.2. Ukibaki na bari 50, bado unazama kwa kilo 1.7. Mtupu, unazama kwa kilo 1.

Nilikaa nikiyatazama yale maandishi kwa muda. Mwisho wa mbizi, geji zote mbili zikisoma bari 50, tofauti ya mitungi hii ni kilo 3 kamili. Jumamosi nilivua kilo 3 mgongoni bila kujua, nikaingia majini.

Kilichonichanganya ni kwamba mwanzoni mwa mbizi nilizama bila shida yoyote. Sasa naona kwa nini. Hewa ina uzito, lita moja ni kama gramu 1.2, na ukizikandamiza lita 2,200 na ushei ndani ya mtungi unabeba kilo 2 na nusu au zaidi za hewa tupu. Hizo ndizo zilizonizamisha. Kadiri nilivyopumua ndivyo nilivyozitapanya majini kama mapovu, na zilipokwisha, hesabu ya kweli ikajitokeza pale pale mahali pabaya, mita 5, ambako ndiko mtu anatakiwa atulie kuliko kokote.

Jaketi halikuwa na kosa. Naandika hivyo wazi kwa sababu nililisema vibaya mbele ya watu.

Wiki ya 3

Kipimo cha risasi, safari hii kwa utaratibu. Nilishawahi kukifanya darasani, mtungi ukiwa umejaa, nikakisahau. Mtungi ukijaa kipimo hakisemi kweli mpaka uongeze ile hewa utakayoipumua. Afadhali kukifanya mwisho wa mbizi, geji ikiwa bari 50.

Nilisimama wima juu ya maji, jaketi tupu kabisa, pumzi ya kawaida imeshikwa, miguu haichezi. Maji yanatakiwa yafike usawa wa macho. Ukipumua nje, uzame polepole. Kisha nikashuka mita 5 kuhakikisha ninaweza kukaa hapo bila tone la hewa kwenye jaketi, kwa pumzi tu. Kupumua ni neno muhimu hapa: mtu akiwa na wasiwasi hushika pumzi nusu bila kujijua, na mapafu yaliyojaa nusu ni kilo moja au mbili za uongo. Mwenzangu alinikalia mbele akinionyesha kwa mkono, polepole, polepole, hadi nikaacha.

Matokeo, suti ya mpira ya milimita 5, jaketi la kukodi, maji ya chumvi: mtungi wa alumini unataka kilo 6, wa chuma unataka kilo 3. Kwa hiyo kilo zangu 5 hazikuwahi kuwa sahihi popote. Kwenye chuma nilikuwa ninabeba mbili za bure, na kwa mbizi nane nilikuwa ninazibeba hewani, maana yake nilijaza jaketi lita mbili zaidi ili kufidia, na hewa hiyo inatanuka na kusinyaa kila nikibadili kina. Ndiyo maana nilikuwa situlii. Kwenye alumini nilipungukiwa moja. Kilo moja tu ilitosha kunitoa.

Jambo la kukumbuka: kwenye maji baridi yasiyo na chumvi hesabu hubadilika. Maji ya bahari ni mazito kwa karibu asilimia 2 na nusu. Mimi na vifaa vyote tukiwa kama kilo 105, hiyo ni kilo 2 na nusu za risasi ninazotakiwa kuvua nikiingia bwawani au ziwani. Nimejaribu bwawani na alumini, kilo 3 na nusu zikanitosha.

Wiki ya 4

Wiki ya hewa. Kabla ya kuchagua mtungi nilitaka kujua ninakula kiasi gani. Nikashuka mita 10, nikaogelea kwa mwendo wa kawaida dakika 10, geji ikashuka bari 32. Mtungi ni lita 11.1, kwa hiyo lita 355. Kugawa kwa 10 ni 35.5 kwa dakika. Mita 10 shinikizo ni maradufu ya juu, kugawa kwa 2, napata karibu lita 18 kwa dakika. Nilirudia siku ya pili, ikawa ileile.

Sasa mita 18, ambako ndiko ninakozamia zaidi. Shinikizo ni bari 2.8, nakula lita 50 kwa dakika. Alumini kutoka bari 200 hadi 50 unanipa lita 1,665, yaani dakika 33. Chuma cha lita 12 kikijazwa bari 220 kinanipa lita 2,040, dakika 41. Kile kikubwa cha lita 15, bari 200, dakika 45. Jedwali la PADI, shirika la mafunzo ya kuzamia, linamruhusu mtu dakika 56 kwa mita 18 kwenye mbizi ya kwanza, kwa hiyo kinachonitoa majini ni mtungi, muda wa jedwali hunikuta nimeshapanda.

Kisha nikafanya hesabu ambayo nilipaswa kuifanya zamani: ile bari 50 tunayoambiwa tubaki nayo inatosha nini? Nikachukua mambo yakiwa mabaya. Mwenzangu ameishiwa, tunapumua wawili kwenye mtungi wangu, tumeshtuka, kila mmoja anakula lita 25. Dakika moja ya kutulizana chini. Kupanda mita 9 kwa dakika. Dakika 3 za kusimama mita 5. Kutoka mita 18 ninahitaji lita 555, ambazo kwenye alumini ni bari 50. Inatosha, kwa kubana. Kutoka mita 30 ninahitaji lita 842, bari 76. Haitoshi.

Nimempelekea mwenzangu hesabu hii usiku huohuo. Tumekubaliana: mita 30 tunaanza kupanda tukiwa na 80.

Wiki ya 5 na ya 6

Majaketi hatimaye. Nimepata nafasi ya kujaribu aina tatu, kila moja mbizi mbili, na nataka kuandika kwa kirefu kwa sababu hapa ndipo maneno ya wauzaji yanapozidi.

Kwanza nirudi nyuma kidogo, maana ilinisaidia kuelewa. Cousteau na Gagnan walipotengeneza Aqua-Lung, kifaa cha kupumulia chini ya maji, mwaka 1943 hakukuwa na jaketi. Mtu alifunga mtungi mgongoni kwa mikanda, akaweka risasi kwa uangalifu, na kazi ya kutulia akaiachia mapafu. Mwaka 1961 Mfaransa Maurice Fenzy akapata hataza ya kibofu cha kuvaa shingoni na kifuani, chenye kichupa chake kidogo cha hewa. Mwaka 1971 Scubapro wakatoa jaketi lenyewe, la mikono kupita, hewa ikizunguka mbavu. Kwa hiyo jaketi ni msaidizi aliyekuja baadaye. Mtu anayelitegemea lifanye kazi ya risasi na mapafu ndiye aliyejikuta juu Jumamosi ile.

Jaketi la kawaida, hewa ubavuni na mgongoni. Juu ya maji linamkalisha mtu wima kama kitini, uso uko juu, na nadhani hilo ndilo linalowapendeza wanaoanza. Mifuko mingi. Ila likijazwa linabana mbavu, na mimi nikibanwa napumua vifupi. Chini ya maji nikilala kifudifudi hewa ilihamia ubavu mmoja kisha mwingine, nikayumba. Pia nililipima. Nilitoa hewa yote, nikalikanda ndani ya maji mpaka mapovu yakakoma kutoka kwenye sponji za mgongoni, na bado likaelea. Lilitaka risasi kilo 1 lizame. Maana yake kilo moja ya risasi ninayobeba kiunoni kazi yake ni kuzamisha sponji.

Jaketi la hewa ya mgongoni tu. Chini ya maji nafuu kubwa, mwili unalala wenyewe. Kifua kiko huru. Juu ya maji linasukuma uso mbele ukilijaza sana, na hili husemwa kama kasoro kubwa. Niligundua kwamba nikijaza nusu tu na kuegemea nyuma kama ninayelala, linatulia. Kosa ni kushika kitufe mpaka vali ya usalama ipige kelele. Hili nililokodi lilikuwa na kasoro nyingine kabisa: kitufe cha kuingizia hewa kilikuwa kinavuja ndani, polepole, na kila baada ya dakika chache nililazimika kutoa hewa ambayo sikuiweka. Niliuchomoa mpira wa hewa nikamaliza mbizi nikilijaza kwa mdomo. Tangu siku hiyo kila jaketi, liwe langu au la kukodi, nalijaza hadi limekakamaa, nauchomoa mpira, naliacha nikifunga vifaa vingine. Likilegea, silivai. Kisha nauchomeka tena na kulitazama kama linajijaza.

Bamba na bawa. Hiki ndicho kifaa cha tatu: bamba la chuma kisichoshika kutu mgongoni, mkanda mmoja mrefu wa upana wa sentimita 5 unaopita kwenye matundu yake kuwa mabega na kiuno, mwingine unaopita katikati ya miguu, na kibofu chenye umbo la duara, ndilo bawa lenyewe, kilichobanwa kati ya bamba na mtungi. Sura hii imetokana na wazamiaji wa mapangoni wa Florida, watu kama Bill Hogarth Main, ambao walitaka kisiwepo kitu kisicho na kazi. Niliogopa kwamba chuma kitaniumiza mgongo. Juu ya suti ya milimita 5 sikukihisi kabisa. Nilichokihisi ni kwamba mtungi haukutikisika. Kwenye majaketi mawili yale, nikigeuka, mtungi ulifuata nyuma yangu kwa kuchelewa kidogo, kama mtoto anayevutwa mkono. Hapa tuligeuka pamoja.

Bamba lile lina kilo 2.7 nchi kavu. Chuma majini hupoteza karibu sehemu moja ya nane ya uzito, kwa hiyo lilisoma kilo 2.3. Halina sponji. Linganisha na jaketi lililoelea kwa kilo 1: tofauti ni kilo 3.3, ambazo zote zinatoka kiunoni kuhamia mgongoni, karibu na mapafu, mahali ambapo mwili unaelea zaidi na unahitaji kuzuiwa.

Nimelala nikiwa nimeamua. Naandika hivyo ingawa bado sijafanya hesabu ya mwisho.

Wiki ya 7

Hesabu ya mwisho imenirudisha nyuma hatua moja, na nashukuru imefanya hivyo kabla sijanunua.

Bamba la chuma pamoja na mtungi wa alumini: zile kilo 6 za risasi zinabaki karibu 3. Safi. Bamba la chuma pamoja na mtungi wa chuma: zile kilo 3 zinakwisha, nazidi uzito kidogo bila kipande cha risasi mwilini. Watu wengine wangefurahi. Mimi nimeona tatizo. Nikishuka mita 30 suti inabanwa. Suti yangu niliipima kwenye mfuko wa wavu, inaelea kwa kilo 4 juu ya maji. Chini, viputo vya ndani ya mpira vinasinyaa, nakadiria inapoteza kilo 2 na nusu. Ongeza hewa ya mtungi ambayo bado sijaipumua, kilo 2 na nusu nyingine kwa kile cha chuma. Hizo ni kilo 5 zinazonivuta chini, na kama kibofu kikipasuka siku hiyo sina cha kuvua. Kila kilicho kizito kimefungwa mgongoni pamoja na hewa ninayopumua.

Kwa alumini: hewa kilo 2, suti 2 na nusu, jumla 4 na nusu. Lakini kiunoni nina risasi kilo 2 za kuvua, na nikizivua zinabaki 2 na nusu, ambazo mapezi yanaziweza. Nilijaribu bwawani na rafiki akinitazama: nilijifunga uzito wa kilo 2 na nusu zaidi ya haja, kibofu kitupu, nikapanda kwa mapezi kutoka mita 4. Inachosha, inawezekana.

Mtungi wa chuma ni mtungi mzuri kuliko wa alumini kwa mambo mengi. Unabeba hewa zaidi kwa ukubwa uleule, hauelei mwishoni, unapunguza risasi. Mwenye suti nene ya maji baridi sana anauhitaji. Anayetaka chuma na suti kama yangu achukue bamba la alumini, ambalo majini halifiki hata kilo moja, naye atabaki na risasi kidogo ya kuvua. Mimi kila ninakokodi vifaa nakutana na alumini, na ninataka namba moja ya risasi ambayo mwili wangu utaizoea. Uamuzi: bamba la chuma, mtungi wa alumini wa lita 11.1.

Bawa: kilo 14 za kuinua. Chini ninahitaji 4 na nusu; vifaa vyenyewe vikielea juu bila mimi vinahitaji kama 5. Niliona mabawa ya kilo 20 na zaidi yakisifiwa kwamba ni salama zaidi. Kwa mtungi mmoja ni kitambaa kingi kinachokunjamana kuuzunguka mtungi, na hewa hujificha kwenye mikunjo.

Wiki ya 8

Kutafuta mtungi wa mkono wa pili. Wa kwanza niliouona ulikuwa umetunzwa vizuri, rangi safi, na mwenyewe mtu mwema. Nikasoma chapa zilizogongwa begani: umetengenezwa na kampuni ya Luxfer, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mitungi ya Luxfer ya wakati huo ilitumia aloi (mchanganyiko wa metali) ya 6351, ambayo baadaye ilibainika kupata nyufa shingoni, kwenye meno yanayoshika vali, kwa kukaa na shinikizo miaka mingi. Mwaka 1988 kampuni hiyo ilihamia aloi ya 6061. Vituo vingi vya kujazia hewa havigusi mitungi ya 6351 siku hizi hata ikiwa mizima. Nikamweleza mwenyewe kwa heshima. Hakuwa anajua, na aliniahidi hatauuza tena kwa ajili ya kuzamia.

Wa pili ulikuwa umepakwa rangi upya. Nikauliza ilikaushwaje. "Kwenye oveni," nikajibiwa. Sikuendelea. Alumini iliyopata joto la nyuzi 175 na kuzidi hupoteza ugumu wake, na hakuna namna ya kuuona udhaifu huo kwa macho.

Wa tatu nimeuchukua. Aloi ya 6061, chapa ya kupimwa kwa shinikizo la maji ya mwaka jana. Nimempa fundi aufungue auangalie ndani kwa taa kabla sijaujaza. Kavu, hakuna vishimo, meno ya shingo mazima. Akabadilisha oringi, ile pete ya mpira ya kuziba, ya vali.

Vali: nimechagua ile inayopokea regulata (kifaa cha kupumulia) ya DIN, yenye kipande cha ndani kinachofunguka na kufungwa, ili mwenzangu mwenye regulata ya kibano aweze pia kuutumia. DIN inaingia kwa meno ndani ya vali na oringi inakaa imefungiwa, haina pa kutokea. Kwenye kibano oringi imekaa usoni mwa vali, na kishindo kinaweza kuihamisha. Kuna DIN za meno 5 kwa mitungi ya hadi bari 232 na za meno 7 kwa bari 300. Ile ya meno 7 inaingia kote, ya meno 5 haizibi kwenye vali ya 300. Nimenunua ya meno 7.

Wiki ya 9

Jioni tatu za mkanda. Hakuna aliyeniambia kwamba kazi kubwa ya bamba ni hii. Mkanda ukikazwa sana mabegani huwezi kuvua. Ukilegezwa, bamba linashuka kiunoni. Kipimo kilichonifaa: nimevaa suti, kiganja kinapita chini ya mkanda wa bega bila kusukuma, na mkono ukigeuzwa nyuma vidole vinaugusa ukingo wa juu wa bamba. Bizimu ya kiuno isikae katikati kabisa, kwa sababu mkanda wa katikati ya miguu unaishia hapo na bizimu haifunguki kwa haraka. Niliisogeza kulia. Pete za kifuani nikaziweka pale dole gumba linapoishia nikikunja mkono. Nilikosea kuzipitisha mara mbili, nikafumua zote.

Wiki ya 10

Mbizi ya kwanza na kila kitu changu. Mita 12, maji yametulia. Risasi kilo 3: mbili kwenye mkanda, za kuvua, na moja kwenye mfuko mdogo uliofungwa kwenye ukanda wa juu wa mtungi. Mwanzo mzuri mno. Kuanzia bari 90 miguu ikaanza kupanda. Mwenzangu alinipiga picha nikiwa nimetulia bila kucheza, na kwenye picha kichwa kiko chini kama mtu anayechungulia kisima.

Ni alumini tena. Kinachokuwa chepesi hewa ikiisha ni kitako cha mtungi, kwa kuwa vali nzito iko upande wa pili. Mbizi ya pili nikashusha mtungi sentimita 4 kuelekea miguuni na kuhamishia ile kilo moja ukanda wa chini. Miguu ikarudi. Bado inapanda kidogo chini ya bari 60, nadhani ni suti. Nitajaribu kuusogeza sentimita mbili zaidi.

Wiki ya 11

Mita 5, bari 52, kibofu kitupu. Mwenzangu alikaa mbele yangu na saa yake. Nikapumua ndani nikainuka kiasi cha shubiri, nikapumua nje nikarudi. Dakika 3, kisha tukaongeza 2 kwa sababu hakuna aliyetaka kuondoka. Nilimtumia mwalimu zile namba jioni. Akajibu kwa kuuliza: "Na suti ya milimita 3?"

Nimeosha bawa kwa maji yasiyo na chumvi, nje na ndani, nikaligeuza kila upande hadi maji yakatoka masafi. Nyuma ya bamba nimeandika kwa wino usiofutika: mm 5, alumini 11.1, chumvi, kilo 3. Chini yake, mm 5, alumini 11.1, maji baridi, nusu kilo. Mstari wa tatu nimeuacha wazi. Mfuko wa wavu na mizani viko mlangoni kwa ajili ya kesho.